Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: tuorodheshe kabla ya kupaka rangi

Mheshimiwa Waziri,

Konsavatori ya Muziki ya Kenya, shule ya muziki iliyoko Nairobi, ilianzishwa mwaka wa 1944, enzi hizo ikiitwa ya Afrika Mashariki. Ni kongwe kuliko Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, uliofunguliwa 1952 kwenye Barabara ya Harry Thuku, mkabala na hoteli ya Norfolk. Historia ya Konsavatori imo katika vitu vinavyotupwa kwanza jengo lolote likikarabatiwa: programu za tamasha, madaftari ya mitihani, kanda, na piano zenyewe. Tunaomba fedha za ukarabati wa vituo vya utamaduni zisitolewe kabla vitu hivi havijaorodheshwa.

Tutaanza na piano, kwa kuwa hizo huharibiwa na watu wenye nia njema. Piano ina nyuzi zipatazo 230, na mvuto wake wote pamoja hukaribia tani 20. Masika yakiingia, ubao wa sauti, ule mpana ulio nyuma au chini ya nyuzi, hunyonya unyevu, hufura na kupandisha sauti, hasa katikati ya kibodi. Kiangazi cha Januari na Februari huishusha tena. Ndiyo maana piano hutuniwa (nyuzi hukazwa au kulegezwa hadi sauti ziwe sahihi) angalau mara mbili kwa mwaka, wiki kadhaa baada ya majira kugeuka, wala si asubuhi ya tamasha mgeni rasmi akiwa njiani. Iliyoshuka nusu toni, yaani umbali wa sauti kati ya kibonye kimoja na kinachofuata, isikazwe kikamilifu kwa siku moja: nyuzi zenye kutu hukatika, na zilizotuniwa mwanzo hulegea kadiri nyingine zinavyovutwa. Fundi aipandishe harakaharaka kwanza, aiache wiki mbili hivi, ndipo airudie kwa utulivu. Vigingi vya chuma vinavyokaza nyuzi visiposhika, mara nyingi mbao vilimokita imepasuka au kuchakaa, na kutuni tena na tena ni kupoteza pesa za umma.

Kuhamisha nako kuna madhara yake. Piano ya kusimama huweza kuzidi kilo 200, na uzito mwingi uko nyuma, kwenye fremu ya chuma. Ikikokotwa kwa magurudumu yake madogo, miguu ya mbele huvunjika. Ifungwe juu ya toroli. Kabla haijaguswa, jina la mtengenezaji na namba ya piano (serial number) viandikwe, maana kwa hivyo viwili mwaka wa kuundwa kwake huweza kujulikana.

Karatasi ni rahisi zaidi. Toa klipu na pini zilizoshika kutu, piga picha kila ukurasa, pande zote mbili (tarehe na majina ya wapigaji mara nyingi huandikwa kwa kalamu nyuma ya programu), kisha panga kwa mwaka ndani ya maboksi yasiyo na asidi. Kanda kuukuu za sumaku zisichezwe kwanza ili kujaribu tu. Baadhi zimenyonya unyevu, gundi yake imelainika, na zikizungushwa huacha sauti yote kwenye kichwa cha mashine. Zipelekwe kwa mtaalamu.

Majina ya wanafunzi yaliyo kwenye madaftari ya mitihani yashughulikiwe kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nakala moja ya orodha ibaki Konsavatori, nyingine ipelekwe Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, kabla mkandarasi hajakabidhiwa funguo.

Wako,
Walimu wa muziki na mafundi wa piano, Nairobi