Utani uliomfukuzisha kazi Kenny Everett

Mhariri,

Wanaomwita Kenny Everett, mtangazaji wa Uingereza, mropokaji tu wanamwonea. Mtu huyu alikuwa akijifungia studio na kurekodi sauti yake juu ya sauti yake, mara kadhaa, mpaka kibwagizo cha sekunde chache kisikike kama kwaya nzima. Mropokaji gani ana subira hiyo?

Ulimi ulimponza, sikatai. Radio London, ile redio ya maharamia, yaani isiyo na leseni, iliyorusha matangazo kutoka melini, ilimtimua mwaka 1965 kwa kukidhihaki kipindi cha dini kilichokuwa kikilipia muda hewani. BBC nayo ikamfukuza mwaka 1970. Mke wa waziri wa uchukuzi alikuwa amefaulu mtihani wa udereva, Everett akatania hewani kwamba mama huyo alimpenyezea mtahini noti ya pauni 5. Basi, kibarua kikaota nyasi!

Mzaha wake wa mwaka 1983 wa kuipiga Urusi mabomu, mbele ya vijana wa chama cha Conservative, siutetei. Hadi leo unanikera. Lakini miaka mitatu tu baada ya BBC kumfukuza, Capital Radio, redio ya kibiashara ya London, ilipoanza mwaka 1973 ilimchukua, na sidhani kama hawakujua wanamwajiri nani.

Msikilizaji wa siku nyingi