Mkimbiaji asiogope chuma

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mtu wa mbio ndefu akianza kubeba chuma, yaani kuinua vitu vizito ili ajenge nguvu, atakuwa mzito na kupoteza kasi. Maneno hayo nayasikia kila alfajiri katika kundi letu linalokimbia kandokando ya barabara ya Outering hapa Nairobi, kutoka Umoja hadi pale tunapoendelea kupaita Taj Mall ingawa jengo lenyewe lilibomolewa mwaka 2018. Husemwa kwa uhakika mkubwa, na mara nyingi anayeyasema anachechemea.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 52, na kazi yangu ni ya kukaa. Kutwa nzima nimeinama, nyonga zimekunjika, makalio yamelala. Mtu kama mimi akiamka akakimbia kilomita 10, moyo na mapafu vitashukuru, lakini kishindo kitapokelewa na viungo vilevile vilivyolala tangu jana. Ni sawa na kufunga mota mpya kwenye cherehani ambayo meza yake imelegea: kasi unayo, ila kila skrubu inatikisika. Kila unyayo unapogusa lami, mguu hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kigimbi na ukano wa kisigino hubeba zaidi ya hapo, na katika kundi letu, ukiondoa goti, hakuna kinacholalamikiwa kuliko hivyo viwili.

Sasa huo uzito anaotutisha nao msomaji wenu utatoka wapi? Misuli minene hutaka chakula kingi na chuma kingi. Sisi tunaokula ugali na sukuma wiki kisha tunakimbia asubuhi, tutaupata kwa muujiza? Tena mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alilichunguza jambo hili mwaka 1980. Aliwaweka watu kwenye mazoezi makali kwa wiki 10: wengine chuma pekee, wengine mazoezi ya pumzi pekee kama kukimbia, wengine vyote viwili. Waliochanganya walipata pumzi sawa na wale wa pumzi pekee. Kilichodorora kwao kuelekea mwisho ni nguvu. Kwa hiyo mwenye haki ya kuogopa ni mbeba chuma anayeshawishiwa kukimbia, si sisi. Na tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba chuma humwezesha mkimbiaji kwenda mwendo uleule kwa hewa pungufu.

Tunapenda kumtaja Eliud Kipchoge na ile marathoni aliyoikimbia kwa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019. Hatutaji mikeka ya kambini Kaptagat, ambako yeye na wenzake walikuwa wakilala chini na kufanya mazoezi ya nyonga, tumbo na mgongo. Mkeka hauna msisimko, nadhani ndiyo sababu.

Lakini kosa si la wakimbiaji peke yao. Nilipoingia jimu moja ya mtaani, mkufunzi alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akanielekeza moja kwa moja kwenye mashine ya kukimbia. "Mama, anza hapo upunguze mwili." Nilikuwa nimetoka Outering saa mbili zilizopita! Chuma kilikuwa cha vijana wa kifua. Wanawake wa umri wangu ndio tunaokihitaji kuliko hao vijana, kwa sababu hedhi ikikoma mifupa hupungua kwa kasi, na misuli ilikwisha kuanza kupungua zamani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, juu ya zile dakika 150 za kutembea haraka au mfano wake. Nusu ya ushauri inayohusu nguvu haikumfikia mkufunzi yule.

Nikarudi kwenye ngazi za ploti yetu. Nasimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa kipandio, kisigino kikining'inia, nashuka polepole hadi kigimbi kivutike, kisha najiinua hadi nisimamie vidole. Mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika mtungi wa lita 10 uliojaa maji. Hiyo ni kilo 10, wala huhitaji mizani. Watoto wa jirani hunihesabia kwa sauti na kunidhulumu makusudi: wakifika tano wanarudi tatu. Baadaye nachuchumaa na kuinuka nimebeba mtungi mkubwa kifuani, halafu nainua kutoka chini paipu yenye mikebe miwili ya rangi ya lita nne iliyojazwa saruji na kokoto, ambayo kijana wangu alijitengenezea akaichoka. Inakaribia kilo 20.

Jambo ambalo wenzangu hulikosea, hata wale waliokubali, ni kushika kitu chepesi na kukirudia mara 50. Ustahimilivu tayari tunaupata barabarani. Chuma kiwe kizito kiasi kwamba ukifika mara ya sita au ya nane unataka kukiweka chini, kisha upumzike dakika mbili tatu bila haraka. Anayeanza atumie mwili wake tu kwa wiki kadhaa, maana kano hukomaa taratibu kuliko misuli. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Na siku? Hapa ndipo wengi huachia njiani. Mzigo wa miguu wa Ijumaa jioni utakudai Jumapili, kwa kuwa maumivu ya misuli hukolea siku ya pili, na Jumapili ndiyo siku yetu ya mbio ndefu. Mimi hubeba Jumanne na Alhamisi jioni, siku zilezile ambazo asubuhi tunakimbia kwa kasi. Uchovu wote unakaa pamoja, na siku ya kukimbia polepole inabaki ya polepole kweli. Ukishindwa kuachanisha saa, kimbia kwanza, chuma kifuate.

Kwa Serikali ya Kaunti: mnapokarabati viwanja vya Eastlands, tieni vyuma viwili vitatu vya kujivuta na kipandio cha zege karibu na vyoo. Gharama yake haifikii ya ubao wa kutangaza mradi. Nanyi, Mhariri, kurasa zenu za michezo hutuambia nani alishinda na alilipwa dola ngapi. Tuandikieni pia alivyojiandaa.

Asiyetaka kungoja kaunti aende Kamukunji na paipu yake. Mafundi watamchomelea kitu cha kubebea, ila anunue vipande vya chuma kwa mtu wa skrepu kwanza, kwa sababu yule huuza kwa kilo na atajua hasa anachobeba. Mikebe yangu ya saruji, nilipoipeleka kwenye mizani yake, mmoja ulizidi mwenzake kwa zaidi ya kilo moja.

Fundi Cherehani,
Umoja, Nairobi