Kituo cha kupima mawingu kisiwekwe tu pale gari inapofika kirahisi

Mhariri, habari za kazi. Hii ishu ya tabianchi tunaisoma kila siku, semina Mbeya mjini, semina Iringa, posho zinalipwa, ila swali langu ni dogo tu, nani anapima mawingu ya huku kwetu na anapimia wapi?

Mimi nalima viazi Isyonje, pale njia ya Kitulo inapochepuka kutoka barabara ya Tukuyu. Mwezi wa pili ukungu unashuka asubuhi hadi ng'ombe wa jirani humuoni unamsikia tu kengele, majani yamelowa mpaka saa nne, na bakajani, ule ugonjwa wa majani ya viazi, inaingia hapo hapo. Unapiga dawa, redio imesema mvua kwa "baadhi ya maeneo ya nyanda za juu kusini", nusu saa tu inashuka inaosha dawa yote na hela yako. Unampigia shemeji Uyole anakwambia huku jua linawaka. Siwalaumu TMA, watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hii milima yenyewe ni mtihani, Rungwe na mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Nyasa, Tukuyu miezi mikavu unaihesabu kwa vidole, alafu ukitelemkia Usangu ni vumbi tu mpaka masika.

Wenzetu Marekani wana kituo Oklahoma tangu 1992, miaka yote hiyo wanapima vitu vile vile, mawingu, mionzi ya jua, unyevu wa udongo, na erosoli, yaani moshi, vumbi na chembe zote zinazoelea hewani. 2024 wakaanza kingine Alabama, kwenye msitu wa Bankhead, na msitu hawakuuchagua kwa ajili ya kivuli. Miti inatoa mvuke wake, ile harufu ya misindano ukipita msitu wa Sao Hill kule Mufindi jua likiwaka, na mvuke ule unageuka kuwa chembe hewani. Wingu bila chembe halijengeki, maji lazima yapate pa kushika ndo tone litokee. Sasa chembe zikiwa nyingi sana maji yale yale yanagawana, matone yanabaki madogo madogo na yanachelewa kudondoka.

Haya, angalia kwetu mwezi wa tisa na wa kumi. Kila mtu anachoma shamba, moshi unatanda hadi milima ya Loleza ukiwa Mbeya mjini unaiona kama kivuli, na huo ndo msimu tunaosubiria mvua za kwanza. Moshi unazichelewesha au hauhusiki? Wazee wana jibu lao, mimi ningependa namba. Na ardhi nayo inabadilika, Mufindi misindano na chai, Rungwe penye migomba sasa ni parachichi, jua lile lile ila joto na unyevu unaopanda juu hauwezi kuwa sawa na zamani.

Ila mradi wa miaka miwili sitaki kuusikia. Nilipokuwa darasa la tano tuliletewa kipima mvua shuleni, uzio mzuri, rangi nyeupe, mwalimu anatutuma saa tatu asubuhi kamili kusoma milimita na kuandika kwenye daftari la kaunta. Mradi ukaisha, mwalimu akahamishwa, faneli ya shaba ikaibiwa, uzio ukawa zizi la mbuzi wa mlinzi. Lile daftari nililikuta baadae dukani wanafungia karanga, na namba zetu za mwezi wa tatu bado zinasomeka vizuri kabisa!

Kwa hiyo wakubwa wakipanga kituo, wapange cha miaka 20, na kisiwe kimoja. Kikubwa kikae juu, vidogo viwe msituni, kwenye mpunga Usangu na kwenye viazi vyetu, ili tuone wingu moja linavyobadilika likipita. Msomaji wa vipimo awe kijana wa hapo hapo kijijini, alipwe kila mwezi hata wafadhili wakishaondoka, hela hiyo itengwe kabla ya hela ya rada. Umeme wa sola wenye betri za maana manake huku umeme wa kawaida unakatika kila mvua ikinyesha, na mvua ndo tunayotaka kupima. Namba za juzi zibandikwe ofisi ya kijiji.

Na hao wataalamu wa kutafuta kiwanja waje mwezi wa kumi. Wakija mwezi wa tatu hewa imeshaoshwa, kila kilima wataona kinafaa.

Mkulima wa viazi,
Isyonje, Rungwe