Barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Veterinari: kabla ya nusu kaputi, mtu asome kwa sauti

Ndugu Msajili,

Yah: Ukaguzi wa usalama kabla ya kumlaza mnyama kwa dawa ya usingizi

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia hadharani badala ya kuipeleka barua hii masjala kwa sababu ninachokiomba kitafanikiwa tu iwapo wenye mbwa, paka na ng'ombe wa jiji hili nao watakijua na kukidai. Naomba Baraza litoe ukurasa mmoja wa maswali, kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya mnyama katika kila kituo kilichosajiliwa kabla sindano ya usingizi haijaingia. Usomwe, nasema. Fomu za kujaza tunazo za kutosha.

Mimi ni muuguzi wa usingizi. Wagonjwa wangu ni binadamu. Ya wanyama nayajua kwa kufuga, kusoma na kuuliza, na daktari wa mifugo atakayenisahihisha mahali nitamshukuru. Lakini ketamini tunayoitumia hospitalini ndiyo hiyohiyo inayomlaza mbwa kule Mbezi, na mwili ukizidishiwa dawa hauulizi kama una miguu miwili au minne.

Mwaka huu nilimpeleka mbwa wetu jike akafungwe kizazi katika kliniki moja ya hapa mjini. Sitaitaja, maana sina ugomvi nayo, na hayohayo nimeyasikia kwa wenzangu waliokwenda kwingine. Kliniki safi, daktari mpole, vifaa vimechemshwa vizuri. Msaidizi akamtazama mbwa kuanzia kichwani hadi mkiani, akasema, “Huyu kilo ishirini,” akaanza kuvuta dawa. Nikauliza kama kuna mzani. Upo, ila betri imekufa. Nikaomba wanisubiri kidogo. Duka la nafaka la jirani lina mzani wa kupimia magunia. Nikapanda na mbwa mikononi, kisha nikapanda peke yangu, mwenye duka akatoa hesabu huku akicheka. Kilo 14 na nusu.

Msaidizi hakubisha. Alimwaga aliyoivuta, akavuta upya, kazi ikaendelea vizuri na mbwa mpaka leo anabwekea bajaji. Ila hebu itazame hesabu yenyewe. Ukimkadiria 20 mbwa wa 14.5 umempa zaidi ya theluthi juu ya kipimo chake. Mbwa mzima pengine angelala muda mrefu tu, mwenyewe akaambiwa “dawa imemkolea.” Mbwa mwenye homa ya kupe, ambaye fizi zimeshapauka kwa kupungukiwa damu, hana akiba hiyo. Na kupe wa Dar tunawajua.

Baada ya uzito kuna kichupa. Kliniki nyingi zisizo na mashine ya gesi humlaza mnyama kwa ketamini pamoja na zailazini, dawa ya kumtuliza na kulegeza misuli. Zailazini hutengenezwa kwa nguvu zaidi ya moja: ipo ya miligramu 20 kwa mililita, na ipo ya miligramu 100 kwa mililita inayokusudiwa wanyama wakubwa. Zote ni maji maangavu, na jina kubwa kwenye lebo ni lilelile. Tuseme daktari anataka miligramu 1 kwa kila kilo, mbwa ana kilo 14. Kwenye kichupa cha kwanza atavuta mililita 0.7. Msaidizi mpya akivuta 0.7 hiyohiyo kwenye kichupa cha pili, mbwa amepata miligramu 70 badala ya 14, yaani mara tano. Na hii ni dawa ambayo hata ikiwa sahihi hupunguza mapigo ya moyo na kuwatapisha mbwa na paka. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa ndani kule Kigamboni ni vivyo hivyo, maana ng'ombe hutoshwa na takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi. Daktari aliyezoea wanyama wa aina moja akimgeukia wa aina nyingine kwa mazoea, hatari iko hapo.

Kosa la namna hii halitokani na ujinga. Linatokana na uchovu, foleni, umeme kukatika katikati ya kazi, simu kuita. Mtu mmoja akivuta dawa kimya, hakuna wa kulikamata. Akitamka, “Zailazini, miligramu ishirini kwa mililita, kilo kumi na nne, navuta pointi saba,” na mwingine akaangalia kichupa na kurudia hesabu, limekamatwa kabla halijafika kwenye mshipa. Hilo ndilo ninalolipigania katika barua nzima.

Halafu kuna suala la chakula, ambalo hapa kwetu lina sura yake. Anayemleta mbwa kliniki mara nyingi siye anayemlisha. Baba mwenye nyumba anajibu “hajala” kwa uhakika kabisa, kumbe dada wa nyumbani alishamwekea ugali na dagaa alfajiri kwa kumwonea huruma. Mnyama akatapika akiwa hana fahamu, chakula kikaingia kwenye mapafu. Kwa hiyo swali kwenye ukurasa lisiwe “amefunga?” bali “nani alimlisha mara ya mwisho, na saa ngapi?” ikibidi apigiwe simu huyo dada. (Sungura hafungishwi namna hiyo, hana uwezo wa kutapika, na tumbo lake likikaa tupu ndipo matatizo yanapoanza. Nimekuta watu wakimnyima majani usiku kucha kwa nia njema.)

Ndugu Msajili, najua litakalosemwa: hayo ni mambo ya Ulaya, sisi hatuna vifaa. Ndiyo maana nataka kukumbusha Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, liliijaribu katika hospitali za miji minane duniani. Pamoja na London, Toronto na Seattle ilikuwemo Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hawakupewa jengo jipya. Walipewa maswali 19 na agizo la kusimama kidogo mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka. Sisi wa upande wa binadamu tumefaidika na jambo ambalo Watanzania walishiriki kulithibitisha, na wenzetu wa upande wa wanyama wamepakana nasi ukuta kwa ukuta.

Uingereza waliuvuka ukuta huo zamani. Chama chao cha wataalamu wa usingizi wa wanyama kilitoa orodha ya aina hiyo mwaka 2014, na kabla ya hapo walishakuwa na takwimu zao. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwao hufa takriban mbwa mmoja katika kila 600 wanaolazwa kwa dawa, na paka mmoja katika kila 420, kwa sababu zinazohusiana na usingizi. Kwa walio wagonjwa tangu mwanzo, ni zaidi ya mmoja katika kila 100. Hiyo ni nchi yenye mashine za gesi na mitungi ya oksijeni. Ila utafiti huohuo una jambo linalotuhusu moja kwa moja: kwa paka, kufuatilia mapigo na kiwango cha oksijeni kuliendana na vifo vichache. Cha oksijeni kinahitaji kifaa kidogo cha kubana ulimini. Mapigo yanahitaji vidole viwili upande wa ndani wa paja.

Sasa nije kwenye tahadhari, kwa sababu sitaki Baraza litoe waraka kesho kisha tulale. Jimbo la Ontario, Kanada, lilizitaka hospitali zake zitumie orodha hiyo ya upasuaji, na utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 haukuona upungufu wa vifo wenye maana. Wapo wanaosema hiyo inathibitisha kuwa orodha hazifai. Mimi niliyemo kazini nasoma tofauti. Nimeona fomu zilizowekewa alama zote za “ndiyo” kabla mgonjwa hajaingia chumbani, na nimeona zilizojazwa baada ya mgonjwa kurudi wodini, kwa mwandiko mzuri tu. Karatasi ya namna hiyo haimlindi mgonjwa. Inamlinda mkaguzi asiwe na la kuandika.

Kwa hiyo mkaguzi wenu akifika kituoni, asiombe faili. Aseme, “Leo mna kazi gani? Endeleeni, mimi nipo.” Asimame pembeni asikilize kama uzito umetamkwa na kama umepimwa leo, kama lebo ya kichupa imesomwa, kama mtu ameangalia fizi na kusikiliza moyo kabla ya kuguswa kwa sindano. Atazame kama mpira wa kupumulia unaoingizwa kooni umeandaliwa, wa saizi inayotarajiwa na mwingine mdogo wake, na kiputo cha mpira huo kimejaribiwa kwa hewa. Kama kuna mtungi wa oksijeni, ufunguliwe usikike. Nimewahi kuona mtungi ukihesabiwa kuwa upo ilhali ni mtupu. Kama kuna mashine ya gesi, vali ya kutolea hewa iangaliwe kuwa iko wazi, kwani ikisahaulika imefungwa presha hupanda kifuani na mnyama anaweza kufa ndani ya dakika chache. Na kipimo cha adrenalini, dawa ya kuamsha moyo, kwa mnyama huyu, kwa mililita, kiwe kimeshaandikwa. Moyo ukisimama, hakuna anayekumbuka hesabu ya kugawanya.

Lililo gumu zaidi halina gharama hata senti. Anayesoma ukurasa awe msaidizi, na daktari awe ndiye anayejibu. Jibu lisiporidhisha, msaidizi awe na haki ya kusema “tusubiri,” na asionekane mkorofi. Najua tulivyolelewa, kijana wa juzi kumwambia daktari wa miaka ishirini kazini “rudia hesabu” si jambo jepesi. Lakini mkubwa ni jaa, na daktari akubali kuulizwa. Hili mnaweza kulianzisha kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kabla hawajajenga mazoea.

Wenye kampeni za kuhasi mbwa kwa wingi watasema foleni haiwaruhusu. Siku hizo ndizo zinazouhitaji ukurasa kuliko zote, kwa sababu mbwa wanafanana na majina hayajulikani. Nikiusoma polepole kabisa, hauzidi dakika mbili.

Na usiishie kwenye kisu. Katika utafiti ule wa Uingereza, karibu nusu ya mbwa waliokufa, na zaidi ya nusu ya paka, walikufa baada ya operesheni kwisha, wengi wao katika saa tatu za mwanzo. Kwetu huo ndio muda ambao mnyama ameshafungiwa kwenye kreti uani au ameshapakiwa kwenye buti la gari akiwa bado analegea, ulimi nje. Mstari wa mwisho wa ukurasa uulize: nani, kwa jina, atakaa naye mpaka ainue kichwa na kulala kifua chini bila kusaidiwa?

Sheria mnazo. Ile ya Veterinari ya mwaka 2003 imewapa Baraza mamlaka juu ya taaluma hii, na ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka sote tusimtese mnyama bila sababu. Ninachoomba hakihitaji kurudi bungeni. Andaeni ukurasa, wapeni vituo vichache vya Dar waujaribu, vikubwa na vya uchochoroni, kisha urekebisheni kwa yale watakayoyasema kabla haujaenda mikoani. Mkitaka kuona unavyosomwa hospitalini, nipo tayari kuja kuonyesha siku ambayo sina zamu, nauli juu yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa usingizi,
Tabata, Dar es Salaam