Shoga, Simu Yako Niliiona

Barani, Malindi
Ijumaa, baada ya Alasiri

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Habari za Mombasa? Mama mgongo umempoa? Baba Swaleh na watoto wazima? Huku miili ni mizima, alhamdulillahi, na upepo umeshaanza kugeuka.

Simu yako ya Jumapili niliiona. Na ile ya Jumatano, na zile mbili za wiki ya harusi kwa kina Mama Rukia. Nilikaa nayo mkononi ikilia mpaka ikanyamaza, kisha nikailaza kifudifudi mezani. Sikukukasirikia, na hayo uliyoletewa kwamba nimeingia kiburi, yafute. Nina 30,000 zako. Ulinipisha zamu yako ya mchezo wetu wa kuchangiana pesa mwezi wa sita, nikakuahidi mwezi wa nane, na mwezi wa nane ukapita. Jina lako likitokea kwenye simu, naona pesa ile. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nitalia, na nikilia sitafika mwisho.

Mwaka huu msimu ulipokwisha, hotelini hatukupewa likizo, tulipewa barua. Miaka 11, shoga. Haki yangu walinilipa, sitawasingizia: siku 15 kwa kila mwaka niliotimiza, na mshahara wa mwezi mmoja wa notisi. Kwa 46,000 zangu ikaja 299,000. Nilizishika nikaziona nyingi. Ada ya Munir, jicho la mamangu, mikopo ya simu minne niliyokuwa nikilipa mmoja kwa mwingine, na marejesho ya miezi mitatu ya mkopo wa benki wa nyumba. Kufika mwezi wa nane nilibaki na pesa ya unga. Baba Munir naye chombo chake ni cha kuwapeleka wageni marine, kwenye hifadhi ya baharini, na kusi ikivuma unaijua bahari ile. Kwa hivyo mwezi wa nane mkopo wa nyumba sikulipa. Wa tisa sikulipa. Wa kumi sikulipa.

Tarishi wa benki aliniletea bahasha mlangoni asubuhi, mikono yangu imejaa unga. Nilisoma mstari wa kwanza tu. Nikaitia ndani ya kasha la mama, chini ya ile kisutu yangu ya harusi, nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni. Siku 19 nilitembea na ufunguo ule. Munir yumo katika mtihani wa kidato cha nne, nikajiambia akimaliza karatasi yake ya mwisho ndipo nitasema. Na Baba Munir nitamwambiaje? Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzio, kwa hivyo siku ile ya benki naye alitia saini. Alitia saini akinitazama mimi, hakutazama karatasi. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, kuliko hata deni lenyewe.

Baba Munir aliijua barua siku ya 20, kwa sababu ufunguo ulinidondoka nikitawadha. Hakunigombeza. Aliisoma barua yote, akaikunja, akaniuliza, "Na Mama Swaleh anajua?" Nikamwambia hajui. Akasema, "Basi hilo kosa la pili."

Tulikwenda kwa yule mtoto wa Bi Zuhura aliyesomea uanasheria, akatusomea pole pole. Nilidhani watakuja kesho kutuvutia makochi nje. Kumbe hatua zina siku zake, na zimo katika Sheria ya Ardhi ya 2012. Barua hii niliyonayo inanipa siku 90 za kulipa malimbikizo. Zikipita, lazima nipewe notisi nyingine ya siku 40 kwamba wanauza, na mume wangu apewe nakala yake. Kisha dalali naye, kwa kanuni za madalali, ana siku 45 zake kabla ya mnada. Na hawawezi kuitupa nyumba kwa bei ya mboga: ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa robo au zaidi, ni juu ya benki kueleza. Nilipotoka pale nilivuta pumzi ya kwanza tangu mwezi wa nane. Kisha nikakumbuka kwamba siku 19 katika zile 90 nilizilalia mwenyewe.

Benki tulikwenda Jumatatu. Afisa wa mikopo ni binti mdogo, mpole, akatuwekea viti. Deni lililobaki ni 1,860,000. Kwa asilimia 15 na miaka 7 iliyobaki, ndiyo ile 35,900 ya kila mwezi. Akasema tuuandike mkataba upya, tusogeze mpaka miaka 12, malipo yashuke yawe 27,900. Shoga, nilitaka kuinuka nimkumbatie. Elfu nane kwa mwezi! Kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Baba Munir akasema tutaichukua karatasi nyumbani tukaisome.

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya pakiti ya unga, mara tatu. Miaka 7 nilikuwa nilipe kama milioni 3 na kitu. Miaka 12 nitalipa zaidi ya milioni 4. Milioni moja nzima, kwa nyumba ile ile ambayo choo chake bado hakijatiwa vigae. Na leo nina miaka 44, nitaimaliza nikiwa na 56.

Lakini 35,900 sina. Narudi hapo hapo. Kilo 2 za unga na nazi 2 zinanitolea mahamri 60, nauza 10 kila moja, na ukitoa unga, sukari, hiliki, mafuta na makaa, nabaki na 150 au 180 mbaazi zikienda vizuri. Wateja ni wale wale wa tuktuk na watoto wa shule, na shule zikifungwa watapungua. Kwa mahamri pekee hata riba haifiki.

Na riba, shoga. Hilo ndilo linaloniamsha kabla ya adhana ya alfajiri. Mama aliniambia zamani, tukiwa bado tunachimba msingi, "Mwanangu, jenga chumba kimoja kwa pesa yako, uongeze Mungu akijaalia." Nilitaka vyumba vitatu na baraza. Siku hizi akija hasemi neno, anakaa barazani tu na tasbihi yake.

Ninalotaka mimi si ile miaka 12. Nataka wanikubalie nilipe riba tupu kwa miezi 6, yaani 23,250, mpaka msimu huu upite. Disemba mpaka Machi chombo kinaingia baharini, na Mama Fauz ameniahidi kazi ya kusimamia nyumba mbili za Wataliano kule Casuarina. Na vile vyumba viwili vya uani tumeamua tuvipangishe, Munir atalala sebuleni. Malimbikizo, 107,700 mbali na faini, wayagawanye. Na kuna la tatu: Benki Kuu ilipokuwa na kiwango cha riba cha asilimia 13, mwanzoni mwa 2024, riba ya mkopo wangu ilipandishwa upesi. Leo kiwango hicho kimeshuka chini ya 10, na yangu bado ni 15. Ikishuka asilimia 2 tu, nitapata nafuu ya kama 2,000 kwa mwezi. Nimeyaandika yote katika daftari la Munir. Lakini nikiketi mbele ya meza ile sauti inanitoka, na yule binti akitabasamu nitatia saini popote atakaponionyesha. Najijua.

Ndiyo maana nakuhitaji wewe. Miaka 9 ulikaa upande wa pili wa meza hiyo kabla hujaacha kazi ya benki. Tumepewa miadi Alhamisi saa 4 asubuhi. Njoo uketi nami. Usilete pesa. Nasema mapema kwa sababu nakujua: zile bangili zako zisitoke mkononi, wala usimguse Baba Swaleh kwa mkopo. Ukija na bahasha utaniongezea deni la pili na nitakukimbia tena.

Na 30,000 zako nimezipanga. Elfu 2 kila tarehe 5 kuanzia Januari, na chombo kikifanya vizuri nitaongeza. Ni kidogo, najua, na najua ulitaka kumalizia ada ya Swaleh. Ulipataje kuimalizia? Ulikopa? Nambie ukweli.

Na haya nijibu hata kwa ujumbe wa sauti. Wakikataa riba tupu, nitie saini ile miaka 12 kisha nilipe zaidi mwezi nikipata vizuri, au kuna faini ukilipa mapema? Wapi katika mkataba wanaandika jambo hilo? Wanaweza kuniweka katika orodha ya CRB, ile ya wasiolipa mikopo, wakati tunazungumza, na ile notisi ya siku 30 kabla hawajaniweka inakuja kwa barua au kwa simu? Na huko kwenu kuna mtu unayemjua aliyehamisha mkopo wa nyumba kwenda benki ya Kiislamu akiwa na malimbikizo? Walimkubalia? Na Mama Rukia amekasirika sana kwa mimi kutofika harusini? Nguo nilikuwa nayo, la kutunza ndilo sikuwa nalo.

Basi la saa 12 alfajiri litakufikisha kabla ya miadi, lakini bora uje Jumatano ulale. Munir atakuwa amemaliza mtihani siku hiyo, nitakaanga samaki. Ukipiga simu, napokea.

Ni mimi mwenzio,
Mama Munir