Kura yangu ya kwanza, na zile fremu za Ngamiani

Galway, Novemba 2025

Da Mwanaidi, shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yake na umsomee barua hii polepole, ila pale kwa Kaka Hamisi soma kwa sauti, akiwepo mwenyewe ndo vizuri zaidi.

Huku salama. Kazi ipo, mvua ipo, mgongo hivyo hivyo. Habari kubwa ni kwamba nimepiga kura bwana, ya rais kabisa! Unajua hapa Ayalandi mgeni mwenye makazi anapiga za madiwani tu, ya rais mpaka uwe raia, na mimi toka nile kiapo kule Killarney nilikuwa naisubiri hiyo siku maana urais wao ni miaka saba saba na mzee Higgins alishamaliza vipindi vyake viwili, miaka 14, basi. Ijumaa ya tarehe 24 Oktoba nimetoka zamu ya usiku sijalala, moja kwa moja hadi shule ya msingi ya mtaani, hamna foleni, hamna wino wa kidole, unapewa karatasi na penseli, PENSELI Da Mwanaidi, unaandika 1 kwa unayemtaka na 2 kwa anayefuata ukipenda. Nimepiga na picha nimevaa kile kitenge alichonishonea Mama, ile mliyoiona kwenye grupu mkaishia kuweka dole gumba.

Na niliyempa kashinda! Catherine Connolly, mtu wa hapa hapa Galway, kakulia Shantalla kwenye nyumba za halmashauri, kwao walizaliwa 14 na mama yao akawafia yeye bado mdogo. Hana chama, vyama vya mrengo wa kushoto ndo vikamuunga mkono. Kapata asilimia 63, mwenzake Heather Humphreys wa chama cha Fine Gael 29, na huyo mama kampa hongera hata matokeo hayajatangazwa, fikiria. Sasa tusidanganyane, waliojitokeza hawakufika nusu, na kura zaidi ya laki mbili ziliharibika, wengi wameziharibu makusudi kwa hasira wanasema hawakupewa watu wa kuchagua. Mama ataniuliza huyo rais ana nguvu gani, mwambie si nyingi, serikali ni ya Waziri Mkuu, yeye anasaini sheria na akiitilia shaka anaipeleka Mahakama ya Juu. Lakini heshima yake we acha.

Haya Kaka asikilize hapa. Kulikuwa na mgombea wa tatu, Jim Gavin, kocha aliyewapa Dublin makombe matano mfululizo ya ule mpira wao wa Kiayalandi, na chama cha Waziri Mkuu mwenyewe ndo kilimsimamisha. Katikati ya kampeni ikafumuka kwamba zamani huko, mambo ya 2009, mpangaji wake alizidisha kodi kama euro 3,300 na hakurudishiwa. Basi, hilo tu. Kodi ya mpangaji, wala si hela ya serikali. Tarehe 5 Oktoba kajitoa, na muda wa kufuta jina ulishapita kwa hiyo likabaki kwenye karatasi na watu zaidi ya laki moja wakampa hivyo hivyo. Mimi niko kantini ya kazini nasoma nacheka peke yangu, wenzangu wananiuliza kuna nini, nawaambia nyie hamumjui kaka yangu.

Fremu tatu za Ngamiani, hapo Tanga! Toka Baba afariki kodi anachukua yeye, daftari sijaonyeshwa, ile saluni inalipa ngapi sijui, halafu kwenye kikao cha Idi anasimama anasema eti mimi siku hizi Mzungu wa Ayalandi, mambo ya fremu hayanihusu. Sawa, sheria yetu haitaki uraia wa nchi mbili, hilo nalijua kuliko yeye, lakini hati ina jina la Mama na matofali nimenunua mimi. Na wiki iliyofuata huyo huyo ananitumia voisi, "mdogo wangu hitma ya Baba imekaribia, milioni mbili tu". Yaani kwenye kodi mimi Mzungu, kwenye hitma mimi Mtanga!

Ila nisikufiche, zile siku mtandao ulipozimwa huko Tanzania toka tarehe 29 Oktoba, habari za kura yangu zote zilinitoka kichwani. Natuma meseji tiki moja, natuma tena tiki moja. Nikawa naenda Salthill kutazama bahari, bahari yenyewe ya kijivu, haina hata harufu ya dagaa. Ilipofunguka voisi ya kwanza kuingia ilikuwa ya Kaka, anasema tuko salama wote, Mama kala. Nimelia chooni kazini. Lakini daftari bado nalitaka, asije akadhani.

Hela ya hitma natuma Ijumaa kwenye namba yako wewe, siyo yake, mchele na mbuzi kanunue mwenyewe na shekhe mwambieni mapema. Kaka apige picha kurasa zote za kodi kuanzia Januari. Na yule dada wa saluni mwambie ya mwezi huu asimpe mtu, akuletee wewe mkononi.

Mdogo wako,
Mwanahawa