Makala yenu ya Boundary Estate: waliovunjiwa mbona hamkuwataja?

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu mwaka wa kumi na nane sasa na sijawahi kuwaandikia. Ila ile makala mliyousifu Boundary Estate, mtaa wa nyumba za kupanga hapa London mashariki, imenitoa kimya. Mimi nakaa humo. Ghorofa ya nne, lifti hakuna.

Majengo ni mazuri, sibishi. Msanifu Owen Fleming na vijana wenzake wa Baraza la Kaunti ya London, waliouchora mtaa huu, walikuwa wameingiwa na fikra za Arts and Crafts, ile harakati ya kuthamini kazi ya mikono ya fundi, kwamba hata mpangaji naye anastahili tofali lililopangwa na fundi aliyetulia, mstari mwekundu, mstari wa manjano. Lakini ninyi kuandika kwamba nyumba hizo, zilizofunguliwa mwaka 1900, ziliwaokoa maskini wa Old Nichol, mtaa wa mabanda uliobomolewa kuzipisha! Waliovunjiwa ni watu 5,719. Waliohamia nyumba mpya, kwa hesabu inayotajwa siku zote, ni 11. Kumi na mmoja, Mhariri! Kodi hawakuiweza, wakaenda kubanana mitaa ya jirani. Na kile kilima cha Arnold Circus, katikati ya mtaa, chenye banda la muziki, mlichokisifu kwa kivuli chake, ni kifusi cha nyumba zao. Watu wanakula aiskrimu juu ya vyumba vya watu.

Mwaka juzi, mwezi Novemba, kamba ya dirisha langu ilikatika. Ni yale ya mbao, ya kupandisha na kushusha. Fundi wa kwanza alipiga picha akaondoka. Wa pili alipima, akanieleza kwamba jengo ni la kihistoria, kwa hiyo dirisha la plastiki haliruhusiwi. Nani alitaka plastiki? Nilitaka kamba! Nikakaa na upenyo wa vidole vinne hadi Februari, nimeuziba kwa leso ya marehemu mama, imeandikwa "Subira huvuta heri". Siku moja nachungulia chini, kijana ananielekezea kamera. Ati leso imependezana na matofali.

Na hao wapiga picha nao wamezidi. Juzi nilisimamishwa na mifuko yangu mlangoni kwangu mwenyewe, nisubiri maharusi wamalize kupigwa picha. Hata si wakazi wa hapa.

Mkimtuma tena mwandishi wenu, aje na mchele kilo kumi, anipandishie mpaka juu, ndipo aandike habari za ngazi. Na ukurasa wa picha wekeni watu 11, kwingine kote muache kweupe.

Mpangaji, ghorofa ya nne
London